Tairi Pana Kwenye Rimu Ile Ile: Pima Kabla Hujalipa

Magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakitokea Japani huja na matairi membamba. Walioyaunda walilenga lami nyororo na matumizi madogo ya mafuta. Mnunuzi wa huku ana mambo mengine kichwani: matuta ya kila kijiji, mashimo, kingo za lami zilizoliwa, na safari ya mwisho wa mwaka kwenda Moshi, Mbeya au Kisumu, gari likiwa limejaa watu na magunia. Ndipo wazo linapomjia: haya yakiisha meno naweka mapana zaidi, rimu nabaki nazo zile zile.

Wazo hilo si baya, na ni nafuu kuliko kununua rimu nyingine. Linachohitaji ni vipimo. Tairi likishavikwa na kujazwa upepo huonekana limekaa sawa hata pale lisipostahili kukaa. Kasoro hujitokeza baadaye, kwenye kona za Kitonga wakati wa mvua, au pale gari lenye abiria watano linaposhuka tuta na tairi likasugua madigadi. Haya ninayoyaandika ni kwa mwenye gari dogo au la familia anayetaka kujua, kabla hajatoa pesa, ni saizi ipi rimu zake zinaweza kubeba.

Unatafuta nini hasa?

Anayesema anataka tairi pana, mara nyingi anataka kitu kingine. Kuna anayetaka gari linyanyuke kidogo lisigonge tumbo kwenye matuta. Huyo anahitaji ubavu wa tairi ulio mrefu, na upana peke yake haumsaidii hata milimita moja. Kuna anayetaka gari lishike barabara wakati wa masika. Huyo upana unaweza hata kumdhuru, na nitaeleza kwa nini. Kuna anayetaka gari lisiyumbe kwenye kona za lami kavu, na huyu ndiye ambaye tairi pana linamfaa kweli, ilimradi rimu inalikubali. Na yupo anayependa tu gari lionekane limekanyaga chini kwa nguvu. Ni haki yake, mradi ajue kwamba anachonunua ni sura.

Wengi huamini kwamba tairi pana lina eneo kubwa zaidi linalogusa barabara. Hesabu haisemi hivyo. Chukua gari lenye kilo 1,400 pamoja na abiria wake. Uzito ukigawanyika sawa, kila tairi linabeba kilo 350. Upepo ukiwa kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba, tairi litajilaza mpaka lipate eneo la kama sentimita za mraba 160, hapo ndipo linaweza kuubeba uzito ule. Toa tairi la 185, weka la 195 kwa upepo ule ule, na eneo litabaki karibu lile lile. Kinachobadilika ni umbo la wayo wake: unakuwa mpana zaidi kwa kushoto na kulia, na mfupi zaidi kwa mbele na nyuma.

Umbo hilo ndilo linaloamua mengi. Kwenye kona, wayo mpana na mfupi huitikia usukani haraka na gari hutulia. Kwenye maji mambo hugeuka. Tairi linapokanyaga maji yaliyotuama barabarani, lazima liyasukume pembeni kabla ya meno kugusa lami. Wayo ukiwa mpana, maji ya katikati yana safari ndefu ya kutoka, na mwendo ukizidi tairi hupanda juu ya maji, usukani ukawa mwepesi ghafla, gari likateleza bila kusikia breki. Kina cha meno na mwendo wako vina uzito mkubwa kuliko hizo milimita 10 za upana, lakini mwenye gari asidanganywe kwamba pana maana yake ni salama zaidi kwenye mvua.

Soma kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Kwenye magari ya Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Toyota Premio nyingi za kizazi cha 2001 hadi 2007, zilizojaa barabara zetu, zinasoma 185/70R14. Nitaitumia saizi hiyo katika hesabu zote, nawe weka ya kwako mahali pake.

Hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita kutoka ubavu hadi ubavu, likiwa limejaa upepo kwenye rimu iliyokusudiwa. Upana wa sehemu inayokanyaga barabara ni mdogo zaidi ya hapo. Namba 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, yaani asilimia 70 ya 185, ambayo ni milimita 129.5. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Pembeni ya saizi utaona kiasi cha upepo. Ukikuta 220 kPa, kwenye geji ya fundi hiyo ni kama PSI 32. Wakati mwingine kibandiko kina saizi mbili au tatu, kila moja na upepo wake, kwa sababu gari la aina moja liliuzwa na magurudumu tofauti. Ukikuta saizi pana zaidi pale, na kipenyo cha rimu ni kile kile chako, mtengenezaji ameshakufanyia nusu ya kazi. Bado thibitisha upana wa rimu, maana huenda saizi hiyo ilikuja na rimu pana kuliko yako.

Rimu ndiyo inayoamua

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu ndipo wauzaji wengi huruka. Muuzaji atakuuliza rimu ni namba ngapi, utamjibu 14, atakuletea chochote kilichoandikwa 14. Lakini rimu ina vipimo viwili, kipenyo na upana, na ni upana unaoamua tairi pana kiasi gani linaweza kuvikwa.

Upana huo umeandikwa kwenye rimu yenyewe. Ikiwa ni ya chuma, ondoa kifuniko cha plastiki uangalie karibu na tundu la valvu au kwenye uso wa rimu. Ikiwa ni ya aloi, mara nyingi maandishi yako upande wa nyuma, kwa hiyo gurudumu lazima litolewe. Utaona kitu kama 14×5½J au 14×5½JJ. Herufi J inahusu umbo la ukingo, na 5½ ndio upana kwa inchi. Kama kutu imekula maandishi, pima kwa futi, ila upime ndani ya kingo mbili, pale tairi linapokaa. Ukipima kutoka nje hadi nje utapata karibu inchi nzima zaidi, na utanunua tairi kwa kipimo cha uongo.

Kila saizi ya tairi imewekewa mpaka wa upana wa rimu, wa chini na wa juu, katika viwango ambavyo viwanda vya matairi hufuata. Tairi la 185/70 linakubali rimu za inchi 4.5 hadi 6. La 195/70 linakubali 5 hadi 6.5. La 195/65 linahitaji 5.5 hadi 7, na la 205/65 linahitaji 5.5 hadi 7.5. Ukifika 215/65, rimu ya chini kabisa ni inchi 6.

Tazama namba hizo vizuri. Mwenye rimu ya 5.5 anaweza kuvika 195/70 akiwa ndani ya mpaka kwa raha. Akichagua 195/65, ambayo ni upana ule ule, ghafla yuko kwenye ukingo wa chini kabisa. Ubavu mfupi hauna pa kujikunja, hivyo unahitaji rimu pana zaidi. La 205/65 nalo liko ukingoni. La 215 halimhusu tena, hata muuzaji akiapa kwamba amemfungia jirani yake na linatembea.

Likivikwa kwenye rimu iliyolibana, tairi hufanana na tumbo la mtu aliyekaza mkanda kupita kiasi: linatokeza pembeni huku shina limebanwa. Sehemu ya kukanyagia hujipinda ikawa na mgongo, katikati ikachukua uzito na mabega yakaelea. Ndiyo maana utaona tairi pana limelika katikati huku pembeni meno bado marefu, na mwenye gari anamlaumu fundi kwamba alijaza upepo mwingi. Kwenye kona mbavu zilizobinuka huyumba kabla ya kushika, na usukani unajibu kwa kuchelewa. Yaani ule utulivu wa kona uliokuwa sababu pekee nzuri ya kununua tairi pana umepotea, na pesa imekwenda.

Kuna na hesabu nyingine ndogo. Kwa kila nusu inchi unayopunguza kwenye upana wa rimu, tairi hupungua upana wake kwa kama milimita 5. Kwa hiyo la 205/65, ambalo hupimwa kiwandani kwenye rimu ya inchi 6, likikaa kwenye 5.5 unabaki na robo tatu tu ya faida uliyolipia.

Ushauri wangu kwa mwenye rimu za asili ni kupanda hatua moja tu, milimita 10, na kuhakikisha rimu yake haiko kwenye ukingo wa chini wa mpaka wa tairi. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji rimu nyingine. Hilo ni jambo la kununua kwa kuangalia upana, idadi na nafasi ya nati, na umbali wa kiti cha rimu kutoka katikati. Usilitatue kwa kuweka vipande vya kusogeza gurudumu nje vinavyouzwa kwa rejareja.

Kimo cha tairi na spidomita

Ukipanua tairi bila kupunguza namba ya katikati, unaongeza pia kimo, kwa kuwa 70 ni asilimia ya upana. Kipenyo kizima hupatikana hivi: zidisha kipenyo cha rimu kwa 25.4 kupata milimita, kisha jumlisha ubavu mara mbili. Kwa 185/70R14 ni 355.6 kujumlisha 259, jibu 614.6. Kwa 195/70R14 ni 628.6, ongezeko la asilimia 2.3. Kwa 195/65R14 ni 609.1, pungufu kwa karibu asilimia 1. Kwa 205/70R14 ni 642.6, ongezeko la asilimia 4.6.

Mpaka unaotumiwa na mafundi wengi ni asilimia 3 juu au chini. Hadi hapo gari halilalamiki sana. Spidomita huhesabu mizunguko, haijui kama tairi limekua, kwa hiyo tairi kubwa huifanya isome chini ya vile ilivyokuwa ikisoma. Kwa 195/70R14, pale ambapo sindano ingeonyesha 80 kwa matairi ya zamani, sasa gari linakwenda karibu 82. Magari hutoka kiwandani spidomita zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo tofauti hiyo ndogo humezwa. Kwa 205/70R14 inakaribia 84, na tochi ya trafiki haitazami dashibodi yako. Hata kilomita za kubadilisha oili nazo husogea: spidomita ikihesabu 10,000 ukiwa na 195/70R14, gari limetembea kama 10,230.

Jambo jingine watu hawalifikirii. Tairi refu ni sawa na kurefusha gia. Injini ya lita 1.5 iliyokuwa ikipanda mlima bila kushusha gia sasa itashusha mapema, na breki zina gurudumu kubwa na zito zaidi la kusimamisha. Kwa asilimia 2 hutasikia sana. Kwa 5 utasikia kila siku, na pampu ya mafuta itakukumbusha.

Hata hivyo, kwa anayeendesha kwenye matuta na barabara za changarawe, nachagua 195/70R14 mbele ya 195/65R14 bila kusita. Gari linapanda milimita 7, ubavu unakuwa mrefu zaidi wa kumeza shimo bila rimu kupinda, na rimu ya 5.5 inalibeba bila kubanwa. La 195/65 linamfaa mtu wa lami tupu ambaye gari lake halina nafasi ya kimo zaidi.

Jihadhari na mtego mmoja unaonasa watu wengi wenye rimu za 14. Kuna tairi linaloandikwa 195R14C, bila namba ya katikati. Ni la magari madogo ya mizigo. Muuzaji atakwambia 195 ni 195. Si kweli. Namba ya katikati isipoandikwa, ubavu unakuwa kama asilimia 80 ya upana, na tairi hilo lina kipenyo cha kama milimita 666. Hiyo ni asilimia 8 juu ya tairi lako la asili. Herufi C maana yake limeimarishwa kwa mizigo, kwa hiyo kwenye gari dogo lisilo na mzigo linaruka kama limejazwa mawe. Litaingia kwenye rimu vizuri kabisa, na ndiyo hatari yake.

Nafasi iliyopo chini ya madigadi

Upana unapoongezeka kwa milimita 10 kwenye rimu ile ile, karibu nusu huingia ndani na nusu hutoka nje. Nje kila mtu huangalia. Ndani ndiko kwenye shida, kwa sababu huko kuna shokapu, sahani ya chini ya springi, na mpira wa breki unaokwenda kwenye gurudumu. Mpira huo ukisuguliwa taratibu kwa miezi, siku utakapopasuka utakuwa unakanyaga breki.

Gari likiwa bado na matairi ya zamani, ingiza vidole kati ya tairi na shokapu. Kwenye magari mengi ya Toyota, sahani ya springi ya mbele iko juu kidogo ya tairi, hivyo kimo kinabana mapema kuliko upana. Bandika kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto pale palipo karibu zaidi, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, tembeza gari mbele na nyuma, kisha rudi uone udongo umebaki na unene gani. Pima huo unene, toa zile milimita 5 za upana na 7 za kimo, na utajua. Mimi sikubali nafasi inayobaki iwe chini ya unene wa kidole kidogo. Barabara za matope hujaza udongo kwenye nafasi hiyo hiyo, ukakauka, ukawa msasa.

Kipimo cha pili kifanye gari likiwa na watu nyuma na mzigo kwenye buti, maana gari tupu halina lolote la kukuambia. Springi za nyuma zilizochoka hushusha mwili wa gari juu ya tairi, na gari linalosugua likiwa na abiria watatu tu linahitaji springi kabla ya kuhitaji tairi pana.

Mwenye Land Cruiser ya mkonga

Yeye ana habari yake peke yake, nami siwezi kumpita kwa sababu gari hilo ndilo linalofika pale ambapo mengine yanakwama. Mkonga wa kazi huja na rimu za chuma za vipande, upana wa inchi 5.5, na tairi la 7.50R16. Ni jembamba kwa gari zito namna ile, na wenye magari hulitazama wakataka 235/85R16, ambalo kimo chake ni karibu sawa, milimita 806. Kwa kimo hakuna ubaya. Kwa rimu, upo: 235/85 inahitaji rimu ya inchi 6 kwenda juu, hadi 7.5. Rimu ya 5.5 haimo. Atakayelitaka anunue rimu pana kwanza.

Lakini kabla hajafika huko ajiulize anaendesha wapi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, pale ambapo utelezi uko juu na chini kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope likaifikia ile ardhi na kushika. Tairi pana hubaki juu ya utelezi likizunguka. Tope likiwa refu lisilo na chini, hapo ndipo pana husaidia kuelea. Na kwenye mchanga, dawa ya kwanza ni kupunguza upepo, kwa sababu wayo hurefuka, na urefu huo hubeba gari kuliko upana wa kununua. Teremsha hadi PSI 18 au 20, endesha polepole bila kukata kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Mwenye rimu za vipande na tyubu asishuke chini ya hapo, kwani tairi likiteleza kwenye rimu huburuta tyubu na kung'oa valvu.

Mzigo, mwendo na umri

Baada ya saizi huja namba na herufi, kwa mfano 88S. Namba 88 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 560. Namba 86 ni kilo 530, na 91 ni 615. Tairi pana unalonunua lisiwe na namba ndogo kuliko ya asili, hata kama ni zuri na bei yake imepungua. Herufi ni mwendo wa juu: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Hakuna anayefika huko kwenye barabara zetu, lakini tairi lenye herufi ya juu limejengwa kuvumilia joto zaidi, na joto ndilo adui wa tairi lililojaa mzigo kati ya Chalinze na Dodoma saa nane mchana.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna namba nne. Zikisoma 2324, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi ambalo halijawahi kugusa barabara linaweza kuwa limezeeka dukani, hasa kama limepangwa nje juani. Mimi silipii bei ya jipya kwa tairi lenye zaidi ya miaka mitatu. Kuhusu matairi ya mtumba, angalia vijinundu vilivyo ndani ya mifereji ya meno: meno yakishuka yakalingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Hata hivyo mtumba hukuficha historia ya mbavu zake, na ukitafuta saizi pana ili gari liwe bora, sioni sababu ya kuanza na tairi ambalo mtu mwingine amelitupa.

Na kama una bima kubwa, waulize kampuni yako kabla ya kubadilisha saizi, upate jibu kwa maandishi. Ni kazi ya dakika chache.

Siku ya kuvika

Nunua manne. Kama mfuko haukubali, mawili yawe ya ekseli moja, wala usichanganye saizi kushoto na kulia. Mapya yakae nyuma hata kama gari linavuta kwa mbele: nyuma ikiteleza kwenye mvua gari huzunguka, na madereva wachache huweza kulirudisha. Lakini kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama RAV4 nyingi za zamani, manne yawe sawa bila mjadala. Matairi ya mbele na nyuma yakitofautiana mzingo, gia ya katikati inafanya kazi ya kuyapatanisha kila mita unayotembea, na kuitengeneza ni ghali kuliko matairi yote.

Mwambie fundi abadilishe valvu, asafishe kutu kwenye kingo za rimu, na apake mafuta maalumu au maji ya sabuni ili tairi likae bila kulazimishwa. Kama tairi halitaki kukaa, asilipulize kwa petroli na kiberiti, kwani hujui moto umeacha nini ndani ya tairi. Akitaka kuweka tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu kwa sababu linavujisha pembeni, jua kuwa rimu imepinda au tairi na rimu havilingani. Simamisha kazi mtafute sababu.

Fanya balansi kwa yote manne, kisha alaimenti. Nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya kupima nguvu kama ipo. Kwa magari madogo mengi ya Toyota ni nyutoni-mita 103. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo anza na ule wa kibandiko, tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Baada ya hapo chora mstari wa chaki kukatisha sehemu ya kukanyagia, kutoka bega hadi bega, endesha mita mia moja moja kwa moja kwenye lami kavu, utazame. Chaki ikifutika sawasawa, upepo ni sahihi. Ikifutika katikati tu, punguza PSI 1 au 2, lakini usishuke zaidi ya hapo kutafuta ulaini. Na kama hata baada ya kupunguza mabega bado yana chaki, rimu inalibana tairi. Hakuna upepo utakaoponya hilo.

Kwa wiki ya kwanza endesha bila redio. Sikiliza usukani ukikatwa hadi mwisho, sikiliza nyuma unaposhuka tuta na abiria. Pitisha mkono ndani ya madigadi kutafuta pale plastiki ilipong'arishwa. Washa simu yenye ramani inayoonyesha mwendo, mpe abiria aisome kwenye barabara iliyonyooka, ulinganishe na spidomita, ili ujue mapema tofauti yako ni ngapi. Baada ya kama kilomita 5,000 pima kina cha meno sehemu tatu, ndani, katikati na nje, kwa kila tairi.

Spea tairi yako sasa ni ya saizi ya zamani. Itunze, lakini ichukulie kama ya kukufikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu, kwa mwendo wa taratibu. Kama pancha imetokea kwenye ekseli inayovuta, ukiweza hamisha tairi zima la ekseli nyingine lije pale na spea ikae kule lilikotoka. Ni kazi ya kupiga jeki mara mbili, na kwenye njia ndefu ina thamani yake.